Nilimvika Mtoto wa Watu Kibao

Wapendwa, kaeni tu. Leo sina wimbo wala shangwe, nina neno la kuungama. Na nyinyi Watanzania mnivumilie, Kiswahili changu ni cha Bukavu, msinicheke mpaka nimalize.

Wengi mnajua nilikuwa mwalimu kwetu. Hapa Stockholm nilisafisha ofisi kule Kista miaka mingi, jioni nasoma Kiswidi, mpaka nikapata cheti na darasa la saba la kufundisha mazungumzo ya Kifaransa, watoto wanaoanza kabisa. Siku ile mume wangu alicheza hapa mbele ya kanisa, mnakumbuka.

Lakini watoto hawakufungua kinywa. Nawauliza, "Comment tu t'appelles?" yaani jina lako nani, wananiangalia tu, kisha wanageukiana na Kiswidi chao. Wiki ya tatu mkuu wa shule akaja kukaa nyuma ya darasa, akaandika, akatoka. Niliogopa. Kazi niliyoililia miaka yote hiyo ilikuwa inaniponyoka.

Ndugu zangu, nawaambia, mtu akiogopa anarudia alichofanyiwa. Shuleni kwetu, kwa masista, ukiongea Kiswahili unavikwa kibao shingoni, na hukivui mpaka umkamate mwenzako naye akiongea. Wakongo wenzangu naona mnatikisa kichwa. Basi nikakata kadibodi, nikatia kamba, nikawaambia watoto ni mchezo: anayesema Kiswidi anavaa.

Walicheka. Na Kifaransa kikaanza kutoka! Kumbe walikuwa wanawindana. Kulikuwa na binti mmoja mpole, wenzake wanamchokoza kwa Kiswidi, akijibu tu, wanamvika. Kila kipindi kibao kinaishia kwake. Msidhani sikuona. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu mkuu wa shule alikuwa ameshanisifu.

Binti akaacha kuja shule. Baada ya wiki mbili tukaitwa ofisini, mimi na baba yake. Mtu mtaratibu, hakupaza sauti. Aliuliza swali moja: "Kwa nini mtoto wangu alivaa kitu shingoni?" Kabla ya Krismasi nikaachishwa kazi.

Majira yale giza linaingia saa tisa mchana. Nikajifungia nyumbani Rissne, pazia limeshushwa. Mkipiga simu nasema mafua. Mafua gani ya miezi mitatu? Moyoni nilikuwa natukana: watoto wa huku mayai, sisi tulivaa na hatukufa.

Ndipo dada mmoja wa hapa hapa, Mtanzania, simtaji, akaja na sufuria ya maharage. Nikamweleza yote nikingoja aniambie pole. Hakuniambia pole. Akauliza, "Na wewe dada, ulipovaa kile kibao, ulimwambia nani nyumbani?"

Sikumwambia mtu. Nilikuwa na miaka minane. Nilinyamaza karibu mwaka mzima, mama akadhani nimerogwa. Hayo nilikuwa nimeyasahau kabisa! Nililia mpaka maharage yakapoa. Dada akasema taratibu, "Mkuki kwa nguruwe..." akaniachia nimalizie mwenyewe.

Tukaandika barua ya kuomba msamaha, nikaipeleka kwao. Mama wa binti aliipokea mlangoni, akasema asante, akafunga. Jibu halijaja mpaka leo.

Sasa nafundisha tena, mwalimu wa muda huko Rågsved. Kwenye usaili nilisema yote kabla sijaulizwa. Watoto wangu wanaongea wawili wawili, wanaulizana wamekula nini, nani ana mbwa. Wakikosea nawaacha wamalize. Wakichomeka Kiswidi nacho nakiacha kipite. Lakini sijapona sawasawa, wapendwa. Mtoto akinijibu kwa kunong'ona, siku hiyo narudi nyumbani sina hamu ya kula.

Asante dada wa maharage. Asante mume wangu, hukuniuliza nitaamka lini. Asanteni mliobisha hodi nikajifanya sipo, nilikuwa nawasikia kabisa. Neno langu ni moja: kilichokuumiza usikiite malezi eti kwa sababu wewe ulikivuka.

Na leo mkiomba, mimi niacheni. Mwombeeni yule binti. Nimesikia amehamia shule nyingine, na sijui kama kule anaongea. Ombeni mwalimu wake wa kule amuulize jambo mbele ya wenzake, naye ajibu kwa sauti.