Shavu la Kushoto la Dada Chapchap

Benchi letu liko kwenye kibaraza cha duka langu la ushonaji, katikati ya saluni ya kinyozi na gereji ya kupaka magari rangi. Mguu wake mmoja ni tofali, na anayekalia upande huo akiinuka ghafla, wenzake wanamwagikiwa. Kinyozi tunamwita Profesa, maana hajawahi kukosa jibu. Fundi rangi ni Puti, kwa ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi ambao haumtoki kwenye kucha hata akisugua vipi. Mimi ni Sindano. Kahawa anatuuzia Dada Chapchap, mwanamke wa miaka kama thelathini na minane, ambaye hukijaza kikombe chako kabla hujamaliza kukinyoosha.

Jumatatu moja kikombe changu hakikujaa. Dada Chapchap alisimama na birika mkononi, akatuambia ameitwa kwenye usaili Alhamisi saa tatu, kliniki ya meno, kazi ya mapokezi. Tulipompongeza, akasema hana hakika kama atakwenda.

Sote tulijua sababu. Miaka miwili nyuma mafuta ya kukaangia yalimrukia shavu la kushoto mpaka kwenye taya. Jeraha lilipona, likaacha doa jeusi la ukubwa wa kiganja cha mtoto. Wakati huo alikuwa mapokezi kwenye zahanati moja, na kazi ile aliiweza kama mimi ninavyoweza kutunga uzi. Wakamhamishia stoo kwanza. Mkataba ulipoisha, hawakumpa mwingine. Hakuna aliyemwambia kwa nini, lakini nyumbani kwake kulikuwa na kioo. Ndipo akanunua birika na jiko, akaja kijiweni kwetu.

Kumbe mwaka jana aliitwa kwenye usaili mwingine, hakutuambia. Alijipaka poda nyingi kulificha doa, poda ya rangi nyeupe kuliko yeye, na shingo ikabaki na weusi wake. Mlinzi wa getini akamuuliza kama amekuja na kundi la maigizo. Akageuza, akarudi nyumbani kabla hajaitwa jina.

Profesa, kama kawaida yake, akawa wa kwanza. Alianza na dawa ya meno, akidai kwamba inayong'arisha jino haishindwi na shavu. Tulipomkatalia akahamia kwenye ute wa yai, ukauke mpaka ngozi ivutike kama ngoma. Kutoka hapo akaingia kwenye kulala miguu juu kichwa chini siku tatu, ili damu mpya ishuke usoni. Mwisho akaleta hesabu za viti: Dada Chapchap awahi kufika, akae ubavu wa kushoto ukiwa ukutani, na wakimwita azunguke chumba chote kwa upande wa kulia. Na wakimwambia akae katikati, nikauliza. Akasema hapo ajifanye ana shingo ngumu.

Na mimi sikuwa bora. Niliahidi kumshonea blauzi yenye kola ya kufika sikioni. Nilikuwa nimeshaanza kuichora kwa chaki.

Puti alikuwa anakuna kucha. Akainuka, akamwomba Dada Chapchap atoke kibarazani asimame juani, akamtazama shavu kwa namna anavyotazama mlango wa gari uliogongwa: bila huruma na bila kinyaa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kulitazama doa lile waziwazi kwa muda mrefu.

— Ulipaka nini chini? akauliza.

— Chini ya nini?

— Chini ya poda.

— Sikupaka kitu.

— Ndiyo maana. Doa jeusi ukilipaka rangi ya ngozi moja kwa moja, linageuka jivu. Lazima kwanza uliue weusi.

Akatueleza, na mikono ikimsaidia, kwamba ukipaka rangi juu ya sehemu iliyoungua, ile ya chini itachungulia tu. Weusi wa namna hiyo unauawa na rangi ya chungwa iliyokolea, nyembamba sana, juu ya doa peke yake. Juu yake ndipo inakuja rangi ya ngozi. Na rangi ya ngozi haichaguliwi ndani ya duka chini ya taa, inachaguliwa nje, kwa kulinganisha na shingo. Profesa alicheka mpaka akakohoa, akamuuliza tangu lini amehama kutoka magari kwenda mabinti. Puti alikwenda kunawa.

Mchana ule walikwenda duka la vipodozi wao wawili. Dada Chapchap alitusimulia baadaye kwamba muuzaji alidhani Puti ni mume mwenye wivu, kwa jinsi alivyokuwa akimtoa mlangoni kila anapopakwa tone kwenye taya, anamgeuza kwenye jua, anarudisha kichupa. Vinne vilirudi. Cha tano kilipopakwa kikapotea ndani ya ngozi, na Puti akasema basi, hicho.

Jumanne tulifanya majaribio mbele ya kioo changu cha wateja. Ya kwanza yaliharibika. Puti alipaka tabaka zito, likapendeza kwa dakika kumi, halafu Profesa akasema la kuchekesha na shavu likapasuka mistari kama tope lililokauka. Dada Chapchap alijiangalia, akachukua kitambaa, akaanza kufuta kwa nguvu.

— Niacheni tu nichemshe kahawa, akasema.

Puti alimshika mkono, akamwambia kosa ni lake yeye Puti, si la shavu. Pale palipoungua ngozi ni kavu, na yeye amepaka kabla ya kuandaa. Akatuambia tungoje. Alimpaka mafuta ya ngozi, nikashona mkono mzima wa shati ndipo akaruhusu kuendelea. Safari hii krimu ya chungwa ilikuwa kidogo kama punje ya mtama. Akamkataza kusugua, agongegonge kwa sponji yenye unyevu, asubiri, aongeze kidogo, asubiri tena. Poda ikaja mwisho, ya kupuliziwa tu. Chini ya macho, palipoingia giza kwa kuamka alfajiri kuchemsha maji, akapitisha chungwa ileile, nusu ya ile ya shavuni.

Jumatano hata Profesa alikuwa ameacha kucheka. Alileta taulo lake la kinyozi, akaliloweka maji ya baridi, akamfunika macho mpaka uvimbe wa kukosa usingizi ukashuka. Halafu akamtengeneza nyusi, nywele moja moja, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alifanya kazi bila kutoa maelezo. Alipomaliza, uso wa Dada Chapchap ulikuwa kama umeoga usingizi. Mimi nikaitupa ile kola. Nikamshonea blauzi ya shingo wazi, rangi ya matofali ya kuchoma, inayopeleka joto usoni. Rangi ya midomo aliipaka mwenyewe, akagusisha kidogo na kwenye mashavu kwa kidole, yote mawili sawasawa.

Alhamisi alipita kibarazani saa mbili. Ukijua doa lilipokuwa, ungeweza kuliona kidogo. Puti alilibakisha hivyo kwa makusudi, akisema uso usio na kitu chochote unatisha watu. Mimi nilichoona ni mwanamke aliyelala vizuri na anayekwenda kazini. Akatuuliza kama yuko sawa. Puti akaitikia kwa kichwa.

Alirudi saa sita, viatu mkononi, akakaa upande wa tofali. Akatusimulia kwamba mlinzi alimwamkia, akamfungulia. Ndani walikuwa watatu, na mkubwa wao ni daktari mwanamke. Waliuliza habari za mafaili, simu, wateja wakorofi. Akajibu chapchap. Halafu daktari akamuuliza: akija mgonjwa shavu limevimba, anajificha kwa mtandio na anaona aibu, utafanya nini?

— Nikadhani ameliona doa, akasema Dada Chapchap.

— Ukajibu nini?

— Nikamwambia, nitamtazama machoni, nimuulize jina lake. Shavu ni kazi ya daktari.

Daktari aliweka kalamu chini. Akawatazama wenzake, na hapo hapo, bila kusema watampigia simu, akamuuliza kama anaweza kuanza Jumatatu. Alipokuwa anatoka, daktari akamfuata mpaka mlangoni, akamnong'oneza kutaka kujua anatumia fondesheni gani ya kupaka usoni, maana ya kwake ikifika mchana inakuwa jivu.

Profesa aliinua mikono yote miwili juu. Puti aligeuka kutazama gereji yake, na aliporudisha uso macho yalikuwa yamelowa. Dada Chapchap akamwambia asilie, ataharibu tabaka. Tulicheka mpaka wateja wa saluni wakatoka nje na mataulo shingoni.

Jumatatu asubuhi alipita na blauzi yake ya matofali, uso mbichi kama wa mtu aliyetoka likizo, akatupungia akiwa mbioni. Tukamsindikiza kwa macho mpaka kona, tumetunisha vifua, kila mmoja akidai sehemu yake: Puti rangi, Profesa nyusi, mimi shingo ya blauzi.

Tulikuwa bado tunagawana ushindi alipofika bwana mmoja mgeni, mpole, ana mfuko wa karatasi wenye mkate. Akasalimia, akakaa, akatutazama mmoja mmoja.

— Samahani, akasema, nimeambiwa hapa pana kahawa nzuri. Anapika nani?

Tukatazamana. Profesa alifungua mdomo, akaufunga.