Bi Pakiyam Devanesan na Taa ya Kwanza ya Arulpattinam

Saa kumi na moja alfajiri ya Jumatano, tarehe 20 Novemba 1872, kwenye ngazi za mnara wa kanisa letu hapa Arulpattinam, tufani ikiwa imeleta bahari hadi mlangoni, alizaliwa marehemu mama yetu na bibi yetu, Bi Pakiyam, mtoto wa pekee wa Bwana Vedamuthu, karani wa forodha, na mkewe Bi Annal. Kitabu cha ubatizo kinasema saa kumi na mbili, lakini shangazi yake, Bi Nesamani, aliyempokea, alishikilia saa kumi na moja maisha yake yote, na familia inafuata neno lake. Mama mzazi hakuwa na nguvu, kwa hiyo shangazi alimkumbatia kichanga kwa mikono yote miwili, huku wanawe, Yesudian wa miaka sita na Selvan wa miaka minne, wakiwa wameshika pindo la sari yake, na wimbi lililopanda ngazi likawachukua wote wawili. Mama mzazi alifariki kesho yake, na marehemu akalelewa na shangazi.

Marehemu alisoma shule ya wasichana ya misheni hapa hapa kuanzia 1879 hadi 1887, akaajiriwa na shule hiyo tarehe 7 Januari 1889 kufundisha ufumaji wa lesi, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 1931, na wanafunzi wake walioko hapa wanakumbuka kwamba uzi mmoja ukienda kombo aliifumua lesi yote. Tarehe 14 Mei 1891 alifunga ndoa na Bwana Devanesan, fundi wa mashua za kushushia shehena, aliyetutoka mwaka 1917, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Gnanaraj, Thangam, na Jebamani aliyefariki kwa ndui mwaka 1899 akiwa na miezi minane.

Kila tarehe 20 Novemba, kama mjuavyo, mji huu huteremka ufukweni jioni kuwawashia taa waliochukuliwa na tufani, na kwa desturi taa ya kwanza huwashwa na aliyezaliwa siku ile, nyingine zote zikachukua moto kutoka kwake, kwa hiyo tangu akiwa na miaka kumi marehemu hakuwahi kuadhimisha kuzaliwa kwake mahali pengine.

Jumatatu, tarehe 20 Novemba 1922, ilitimia miaka hamsini. Turubai lilifungwa mchangani, wageni walitoka hata Madras, na saa tisa alasiri bandari ikapandisha tufe jeusi mlingotini, maana yake tufani iko njiani. Saa kumi na mbili watu wote walikuwa wamesimama na taa zao, migongo yao ikielekea mji, upepo ukivuma kutoka baharini, na marehemu alishika taa yake asiiwashe.

Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Masilamani, alimwambia, "Dada, washa basi, tufe hilo hupandishwa kila Novemba. Mwaka juzi tulikimbia, tukabaki kuchekwa na mbuzi."

Marehemu alijibu, "Pandeni kanisani kwanza. Nitawasha huko huko juu."

"Wamekufa kanisani hao? Wamekufa baharini!"

Kijana mmoja akapaza sauti, "Mtoto wa tufani anaogopa manyunyu!" Watu wakacheka. Ndipo shangazi Nesamani, mwenye miaka themanini na moja, aliyeletwa kwa kiti, akasema mbele ya wote, "Nilikushika wewe, wao nikawaacha. Leo unaninyima hata taa?"

Marehemu aliinama, akachovya utambi wa taa yake katika maji ya bahari, na hapo hapakuwa tena na la kusubiri. Watu walipanda mjini wakimnung'unikia. Usiku ule tufani ilipiga pwani ya mbali, kaskazini, na hapa ilinyesha mvua tu, na kulipokucha turubai lilikuwa limesimama, hata kamba moja haikulegea. Shangazi alifariki tarehe 3 Machi 1923, kabla ya Novemba nyingine, na kwa miaka kumi na sita ilisemwa, sokoni na hata kanisani, kwamba Pakiyam alimwacha mama wa watu afe bila kuwawashia wanawe. Waliosema tuko nao hapa, hatuwataji. Marehemu hakumjibu mtu.

Mwezi Oktoba mwaka jana alianza kusumbuliwa na kifua, akalazwa mara mbili, na Alhamisi, tarehe 9 Februari 1939, saa nane mchana, akafariki nyumbani, akiwa na miaka sitini na sita, ameacha watoto wawili na wajukuu saba. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa mtaa wa chumvi waliokesha nasi kwa zamu, walimu wenzake, na mabaharia waliolibeba jeneza.

Limebaki jambo moja, na shahidi wake ni binti yake Thangam, aliyebeba chupa ya mafuta. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Novemba 1922, tufe jeusi lilipokwisha kuteremshwa, marehemu alikwenda kwa shangazi, aliyekuwa amegeukia ukuta na hataki kumwona, akambeba mgongoni hadi ufukweni, akaweka mchangani taa mbili, na kiberiti, ambacho desturi haikuruhusu mwingine akiwashe, akamtia shangazi mkononi. Shangazi alimwomba ibaki siri yao, ili haki ya taa ya kwanza isimwondoke marehemu. Kisha marehemu akasimama kati ya mama huyo na maji, uso baharini, hakugeuka hata mara moja, mpaka aliposikia nyuma yake, "Zimeshika zote mbili."

Pumzika sasa, Bibi. Bahari tunaiangalia sisi.