Mma Moatshe, Aliyewashonea Wavuvi Wote

Tarehe 30 Septemba, Mma, yaani Mama, Keitumetse Moatshe anastaafu baada ya kulitumikia duka letu la vifaa vya uvuvi, hapa Bwawa la Kgokong, kwa miaka thelathini na moja. Aliajiriwa kufagia. Mwaka wa pili meneja alimkuta akishona mfuko wa koti la mteja uliochanwa na ndoano, akamnunulia cherehani. Tangu hapo chumba kidogo cha nyuma, chenye dirisha linalotazama maji, kikawa chake.

Wanaolifahamu bwawa letu wanajua kwamba hapa mtu hutambuliwa kwa nguo kabla ya kutambuliwa kwa sura. Watu wa boti huvaa mashati ya rangi kali yaliyojaa nembo za makampuni, na miwani myeusi hata mawingu yakitanda. Wanasemwa kuwa wana kelele. Watu wa mahema hujifunika mabakamabaka kuanzia kofia hadi soksi, hulala ukingoni siku tatu mfululizo na kurudi mjini wakinuka moshi na unga wa chambo. Hao wanasemwa kuwa wavivu. Watu wa inzi bandia, wanaovua kwa ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, huvaa vizibao vyenye mifuko isiyo na idadi na kofia zilizochomekwa manyoya, na wanasemwa kuwa wanaringa. Kila kundi lina ukingo wake, na kila kundi lilimletea Mma Moatshe nguo zake. Huwa namtania kwamba wateja wake huvua nguo mara nyingi kuliko samaki.

Kijana mmoja wa boti, Wikus, alikuja na shati jipya na bahasha ya nembo. Hakuwa na mfadhili hata mmoja.

“Hii ya betri za magari nayo niishone?” Mma Moatshe akamuuliza.

“Ishone, Mma. Mgongoni bado kuna nafasi.”

“Na samaki je, utawaweka wapi?”

Wikus alicheka mpaka akakaa chini. Shati lile analo hadi leo, na samaki wa kujivunia bado hajampata.

Lakini jambo ambalo sisi wenzake tutalikumbuka zaidi linamhusu Oom, yaani Mjomba, Ockert Vosloo. Mzee huyu alikuwa mtu wa inzi bandia, mjane, mwenye kizibao cha kaki kilichopauka. Alikuja kila Jumamosi, akasimama peke yake kwenye majani marefu, akaondoka bila kumsalimu mtu. Watu wa mahema walimwita Bwana Mkubwa. “Ukimwamkia anakuangalia kana kwamba wewe ni mti,” alilalamika kiongozi wao, Rre Letlape, yaani Baba Letlape. Baada ya miaka, wakaacha kumwamkia.

Majira ya baridi ya mwaka mmoja Oom Ockert alileta kizibao, mfuko mmoja ukining’inia. Mma Moatshe alikuwa amesimama upande wake wa kushoto. Akamwambia kitakuwa tayari saa nane. Mzee hakujibu. Mma akazunguka upande wa pili ili achukue uzi, akarudia maneno yaleyale, na mzee akageuka akitabasamu. “Saa nane, ahsante sana, Mma.”

Mma Moatshe akauweka uzi mezani. “Oom, sikio hilo la kushoto linasikia?”

“Halijasikia tangu nilipokuwa mgodini.”

“Watu wanasema unaringa.”

“Nami nilidhani hapa hakuna anayetaka kunisalimu,” akasema.

Siku ileile Mma Moatshe alitembea hadi kwenye mahema na sare yake ya duka, katika upepo wa Julai, akamkuta Rre Letlape akipika ugali. “Yule mzee mwamkie kwa upande wa kulia,” akamwambia. “Mlete kwenye moto. Na usimwite Bwana Mkubwa, ana jina.” Jumamosi iliyofuata mtu wa kizibao aliketi kati ya watu wa mabakamabaka, akila nyama kwa mkono, jambo ambalo bwawa letu halikuwa limewahi kuliona. Aliketi nao kwa majira mawili ya baridi.

Yeye ndiye mvuvi wa kwanza aliyemuuliza Mma Moatshe swali ambalo sisi sote hatukuwahi kumuuliza: “Na wewe, Mma, unavua lini?”

“Mimi sina nguo za kuvulia,” akajibu, akaendelea kushona.

Oom Ockert alifariki Agosti mwaka juzi. Wavuvi walimzika wakiwa na mavazi yao ya bwawani, mashati ya nembo benchi hili, mabakamabaka benchi lile. Mma Moatshe alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Mchungaji aliwashukuru wavuvi wote wa Kgokong, “pamoja na mhudumu wa duka.” Nilikuwa kando ya Mma Moatshe. Aliinamisha kichwa, akalainisha sare yake magotini, akailainisha tena. Tuliporudi dukani hakufungua cherehani. Alikaa dirishani akitazama majani marefu, na nilipomletea chai alisema, “Weka hapo, mwanangu,” chai ikapoa.

Mumewe alifariki zamani, na hawakujaliwa watoto. Tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu, watu wa mahema walikuwa wameshaamua: koti la mabakamabaka. “Nivae hilo niwe kichaka?” akawauliza. Watu wa boti wakamwahidi shati. Akakataa pia. Akaomba fimbo ya kuvulia, basi.

Tulimpa mapema. Jumapili iliyopita nilimwona ng’ambo, kwenye ukingo ambao hauna kundi. Alivaa gauni lake la kanisani na kofia nyekundu ya sufu, uzi umetulia majini. Rre Letlape alimpungia mkono na kumwita kwenye moto. Mma naye akampungia, kisha akageukia maji yake. Alikaa hapo hadi jua likatua, peke yake, na hakuna aliyemletea nguo ya kushona.

Mma Moatshe, ahsante kwa kila mfuko, kila kifungo na kila neno ulilolipeleka ukingo wa pili. Tunakuombea afya, maji matulivu, na mtu wa kuketi karibu nawe siku utakapomtaka.