Tarumbeta Iliyowahi

"Pa-paa! Paa!"

Tarumbeta hiyo ilitoka mdomoni mwa mtu, na kinyozi aliitambua kabla hajageuka. Mtu huyo alikuwa akiimba, akaiingiza kabla hajamaliza ubeti, vilevile kama kwenye santuri ya ile bendi ya ujana wa kinyozi. Mwimbaji alikuwa mama mshonaji aliyekaa nyuma yake ndani ya basi, tepu ya kupimia ingali shingoni, sauti imemkauka.

"Uliwaona wale wanabendi jukwaani jana, dada?" kinyozi akauliza.

"Niliwaona, kaka. Si unasikia koo langu?"

"Mke wangu kanibembeleza wiki nzima tuwaone watakapopiga tena Jumamosi, nikakataa, mpaka amenuna. Wale wamezeeka. Mimi nataka wabaki kichwani mwangu na nywele zao."

"Kwani zako ziko wapi?"

Abiria wakaangua kicheko. Kinyozi akajipapasa upara, naye akacheka. La kweli halina mjadala.

"Sikiliza," mama akasema. "Siku ya kurekodi mpiga tarumbeta aliwahi, akaingia kabla ya zamu yake, nasi tukaupenda wimbo na kosa lake. Jana akaingia kwa wakati. Ukumbi mzima ukapiga kelele: 'Kosea, mzee! Kosea!' Akacheka mpaka akashika mbavu, akarudia, akakosea sawasawa. Tukaruka kama watoto!"

"Lakini ujana haurudi, dada."

"Nani kakwambia nilikwenda kuufuata?"

Kinyozi akachomoa simu mfukoni. Basi likafunga breki kituoni kwake, naye akashuka simu sikioni, akipaza sauti barabara nzima imsikie: "Mke wangu, acha kununa! Jumamosi tunakwenda, na wimbo wetu ukipigwa nitacheza nawe, goti litake lisitake!"