Vibao Kumi na Vinane vya Randa

Benchi lipo mbele ya karakana ya Randa, fundi seremala. Alilitengeneza kwa ajili ya wateja wanaosubiri, lakini wateja wakazoea kusubiri ndani, nalo likachukuliwa na watu wasiosubiri chochote. Mwisho wa kulia ni pa Spana, fundi pikipiki, mikono mieusi hadi viwikoni, ambaye anadai gereji yake inajiendesha yenyewe. Mwisho wa kushoto ni pa Kinyozi, maana kutoka hapo anauona mlango wa saluni yake, na akiona kichwa chenye nywele kinausogelea huinuka mbio. Mama Kahawa hakai benchi. Ana kigoda chake, birika lake na jiko lake la mkaa, na ulimi ambao haujawahi kupoa. Ng'ambo ya barabara ni shule ya chekechea, ukuta wa njano, geti la bluu, na kelele kuanzia saa mbili asubuhi.

Asubuhi hiyo Randa alitoka karakanani amekumbatia boksi kama mtu aliyebeba mayai.

— Haya, njooni muone kazi, — alisema. — Vibao kumi na vinane, watoto kumi na wanane. Kila kimoja sentimita thelathini kamili. Atakayepata tofauti ya unywele mmoja, nampa karakana na madeni yake.

— Unywele niachie mimi, — Kinyozi alisema. Akachukua viwili, akavisimamisha bega kwa bega, akafumba jicho moja. — Duh! Mapacha.

— Mapacha hufanana, — alisema Randa. — Hivi ni kitu kimoja mara kumi na nane.

Alikuwa amevitengeneza kwa siku tatu, kwa mbao ngumu ya mti uleule aliotengenezea benchi, na kila kimoja alikilaza juu ya vipande viwili vya kamba ili kikigongwa kwa kijiti kisikae kimya. Kazi yenyewe aliletewa na Mwalimu wa chekechea. Jumatatu alivuka barabara, chaki kwenye nyusi, akamwambia anataka vya kugonga, kila mtoto na chake, ili darasa litunge wimbo wake lenyewe. Vipimo? Mwalimu alicheka tu: "Wewe ndiye fundi, utajua." Na Randa, aliyekuwa ametengeneza madawati ya shule tatu, alijua. Kitu cha shule kinapaswa kulingana.

Haikuwa kazi ya mchezo. Darasa lilikuwa na nusu saa ya muziki kila siku, na wazazi walikuwa wamelalamika kwamba watoto wanagonga vikombe badala ya kuandika moja hadi mia. Mkuu wa shule, mtu wa ratiba, alikuwa ametoa neno: Alhamisi saa nne atapita darasani. Akikuta watoto wana wimbo waliotunga wao, nusu saa inabaki. Akikuta makelele, inakwenda kwenye kuandika. Na Alhamisi ilikuwa leo.

Randa alikuwa na lake moyoni. Mjukuu wake anayemlea, Kidoti, alikuwa kwenye darasa hilo. Tangu ianze ile nusu saa, mtoto aliyekuwa akivutwa miguu kitandani sasa ndiye aliyemwamsha babu, kwa kugonga mlango, kila siku mdundo mpya. Randa mwenyewe utotoni alipigwa vidole na baba yake kwa kugongagonga vipande vya mbao karakanani. Mbao si ya kuchezea, aliambiwa, na tangu hapo hakuichezea. Leo akiwa na mvi alitaka Kidoti achezee, tena kwa kibali cha shule.

— Mimi sielewi kitu kimoja, — Spana alianza, akipokea kikombe. — Mtoto wa miaka mitano atunge wimbo? Hajui kufunga kiatu!

— Kiatu na wimbo vinahusiana wapi? — aliuliza Mama Kahawa.

— Vyote vina fundo.

— Kutunga ni mambo ya kichwa, — Kinyozi alidakia. — Na vichwa nimevishika mimi miaka ishirini. Mtoto ambaye nywele za utosini zinazunguka kwenda kushoto, huyo mwimbaji. Zikienda kulia, huyo karani. Mwalimu aniletee watoto, nitamtengea wanamuziki kwa dakika kumi.

— Na wenye upara?

— Hao wanapiga ngoma.

— Acha hizo, — Spana alisema. — Muziki ni injini, ndugu yangu. Pikipiki nzima inaimba, mbovu inakohoa. Mimi ningewaweka hao watoto gereji mwezi mzima, wasikilize tu. Hakuna kugusa. Baadaye kila mtoto nampa silensa yake, mfupi silensa fupi, mrefu silensa ndefu. Huo wimbo utasikika mpaka mjini.

— Nyinyi wanaume mnahangaika bure, — Mama Kahawa alisema. — Muziki mtoto anakuja nao tangu tumboni. Nilipokuwa na mimba ya kifunguamimba wangu, nilikuwa nauza kahawa nje ya kiwanda cha mabati. Mmeona anavyoongea?

Walikuwa wameona.

— Kwa hiyo hata kufundisha hakuna maana, — Kinyozi alisema. — Wajawazito wote wapelekwe kwenye kumbi za muziki, basi, kazi imekwisha.

— Au gereji, — Spana alisema.

— Semeni mnavyotaka, — Randa alikata maneno, akilipigapiga boksi. — Siri ya muziki ni nidhamu. Mbao zikilingana, mlango hufunga. Sauti zikilingana, wimbo husimama. Leo mtaona.

Geti la bluu likafunguka. Mwalimu akatoka na darasa lake lote, kila mtoto ameshika shati la aliye mbele, mstari ukipinda barabarani huku yeye akiwasimamisha wenye magari kwa kiganja. Sauti ilikuwa imemkauka, lakini hatua zake zilikuwa za mtu aliyekwisha kuamua.

— Shikamoo, Mzee Randa. Za kazi? Tumekuja kuvichukua, Mkuu anaingia saa nne.

— Marahaba, Mwalimu. Jaribu mwenyewe.

Akachukua kijiti, akagonga cha kwanza. *Ko.* Sauti safi, ikakaa hewani. Randa akatabasamu. Mwalimu akagonga cha pili. *Ko.* Cha tatu, *ko*. Akaruka hadi cha tisa, akaruka hadi cha mwisho, na Randa akaona tabasamu lake likifanya kama taa inayoishiwa mafuta.

— Vimenyooka sana, — alisema Mwalimu polepole. — Kosa ni langu, mzee wangu, sikukueleza. Vyote vina sauti moja.

— Si ndiyo vizuri? — Spana alisema. — Hakuna ugomvi.

— Hata askari huvaa sare, — alisema Kinyozi.

— Wimbo wa sauti moja ni kama kuita mtu asiyeitika, — Mwalimu alisema. — Lakini tutakwenda navyo hivihivi. Hatutamwambia Mkuu tumeshindwa kabla hajaingia.

Hapo mstari ukakatika. Kidoti, binti wa miaka mitano mwenye doa jeusi shavuni, aliuacha mkia wa shati aliloshika, akaja hadi kwenye boksi, akachungulia.

— Babu, changu ni kipi?

Randa akatazama ndani ya boksi. Vibao kumi na vinane vikamtazama.

— Chochote, mama. Vyote vizuri.

— Changu, babu.

— Tutakipaka rangi, — alisema Kinyozi. — Chako chekundu.

Kidoti akafikiri.

— Na nikifumba macho?

Randa aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya fundi aliyepatia vipimo vyote akakosea kazi. Lakini hakuwa mtu wa kukaa na aibu mikono mitupu. Akatazama saa: tatu na nusu.

— Mwalimu, — alisema. — Ubao ukifupishwa, sauti inakuwa nyembamba. Nimelisikia hilo maisha yangu yote kila kipande kilipodondoka sakafuni, ila leo ndiyo nimeliwaza. Nipe dakika zilizobaki.

— Uvikate? Siku tatu za kazi?

— Nitavikata vyote. Ila sijui nikate wapi.

Mwalimu akawageukia watoto, akachuchumaa.

— Haya, wanangu. Kila mmoja amwimbie babu sauti anayoitaka. Moja tu. Usimwige mwenzako. Babu atakata, na mkono ukigonga mtasikia kama amepatia.

Wa kwanza akalia *ti!* kama kifaranga. Randa akaweka alama ya penseli, akakata, akagonga. Mtoto akatikisa kichwa: bado. Akapunguza kidogo. Bado. Akapunguza tena. Mtoto akaruka juu. Na hivyo ndivyo fundi wa miaka arobaini kazini alivyopokea maelekezo kutoka kwa wateja wanaomfika kiunoni, na hakuna hata mmoja aliyekubali kwa heshima tu.

— Spana, shika huku! Kinyozi, piga msasa! Mnangoja kuitwa kwa kadi?

Wakashika. Kinyozi alipiga msasa kwa utaratibu wa kunyoa kisogo. Spana, aliyesema watoto wasikilize tu bila kugusa, alijikuta akimwuliza mtoto wa kamasi kama sauti ile imemtosha au apunguze tena. Mama Kahawa akawapanga waliopata vyao kando ya ukuta na kuwazuia wasigombanie vijiti. Unga wa mbao ukaingia kwenye kahawa, na hakuna aliyelalamika.

Saa nne kasoro dakika tano, vilikuwa vimekatwa kumi na saba. Akabaki Kidoti, na kibao kimoja kizima.

— Imba, mama.

Kidoti akavuta pumzi, akashusha kidevu hadi kifuani, akatoa *mmmm* nene kama gogo linalokokotwa sakafuni.

Randa akagonga kile kibao. *Ko.* Sauti yake ilikuwa juu mno. Msumeno unajua kupunguza tu.

— Chagua nyingine, mama. Hiyo inataka ubao mrefu kuliko huu.

— Yangu ndiyo hiyo, babu.

Hakulia wala hakuinua sauti. Alisimama tu akingoja, macho kwa babu yake, kwa imani inayotisha. Randa akaingia karakanani, akagonga kila ubao uliokuwamo. Zote zilikuwa laini, za makabati, zinaitika *pu* kama mto. Akatoka. Akasimama. Kisha akainamia benchi, akaligonga kwa kifundo cha kidole upande wa kushoto, karibu na paja la Kinyozi, aliyekuwa amerudi kukaa.

Benchi likaitika.

— Simameni, — alisema Randa.

— Wewe! — Kinyozi akaruka. — Hapo ndipo ninapokaa! Miaka tisa!

— Simameni wote.

— Na nitauonaje mlango wangu?

— Utakwenda kuukalia, kama wenye kazi wengine.

Mwalimu akaziba mdomo kwa kiganja. Msumeno ukapita. Kipande cha sentimita hamsini kikaanguka, na kabla hakijatulia chini Kidoti alikuwa amekwisha kutabasamu, maana alikisikia. Randa akakilaza juu ya kamba, akampa kijiti.

*Moom.*

Mtoto wa kwanza, yule wa kifaranga, akaitika pale pale ukutani. *Ti-ti.* Kidoti akamjibu. Wa katikati akaingilia, akakosea, akarudia lile kosa kwa makusudi kwa sababu lilimpendeza, na jirani yake akaliiga. Mwalimu aliinua kidole kimoja ili waanze pamoja, kisha akakiteremsha. Walikuwa wamekwisha kuanza. Sauti nyembamba zilikimbia mbele, zikasimama, ile nene ikazifungia mlango, zikakimbia tena. Wapita njia wakapunguza mwendo.

Hakuna aliyeona saa nne ikipita. Aliyeiona ni Mkuu wa shule, aliyekuta darasa tupu. Alivuka barabara na ratiba mkononi, uso umekunjamana, na kwenye ratiba ile, Randa aliona kwa jicho la fundi, nusu saa ya muziki ilikuwa imekwisha kupigwa mstari wa penseli.

Mkuu akafungua mdomo kugomba. Lakini lile kosa la makusudi likarudi, mara hii kwa watoto wote kumi na wanane, na Kidoti akalifunga. Mdomo wa Mkuu ukabaki wazi.

— Wimbo huu, — aliuliza, — nani amewafundisha?

Akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatikisa kichwa. Akamtazama Spana mwenye siri ya injini, Kinyozi mwenye siri ya utosi, Mama Kahawa mwenye siri ya tumbo. Spana alijikohoza. Randa alifikiri ajibu, akatafuta jina la kumtaja, hakulipata. Kidoti hakusikia hata swali, alikuwa anagonga.

Mkuu akatafuta pa kukaa. Benchi lilikuwa limekatwa mwisho mmoja pamoja na mguu wake, limeinamia ukutani, halimfai mtu. Basi akasimama hapo hapo kwenye unga wa mbao, mpaka watoto walipomaliza. Halafu akamwomba Randa penseli, akaigeuza upande wa kifutio.