Kichwa cha Wanqiu Juani

Kwetu Chengdu, jua likitoka wakati wa baridi, kazi hulala. Jiji letu hukaa chini ya ukungu wiki baada ya wiki, hadi watu wa mbali hutucheka kwamba mbwa wetu hubweka wakiliona jua. Basi likichomoza, mwenye duka hufunga, karani hujiuguza, na kila mtu huburuta kiti cha mianzi hadi nje na kuagiza chai ya bakuli lenye kifuniko. Asubuhi hiyo, kwenye kona ya Kichochoro cha Kisima cha Jiwe, wenye kona yao walikuwa wameshawahi viti. Alikuwepo Profesa, aliyeendesha basi maisha yake yote na sasa anaendesha simu. Alikuwepo Debe, kafungua vifungo vya koti ili tumbo nalo lipate jua. Alikuwepo Bibi Kete, malkia wa mchezo wa mahjong, ambaye huisoma kete kwa kidole gumba bila kuitazama. Wa nne alikuwa Mzee Lu, ambaye wote humwita Mwavuli kwa sababu amezeeka akiuza miavuli, ya mvua na ya jua. Chai yake hakuigusa. Macho yake yalikuwa juu, kwenye dirisha la ghorofa ya pili lililofungwa pazia.

— Mwavuli, chai inapoa, alisema Bibi Kete. Binti bado hajatoka?

— Bado.

— Mwezi mzima! Hata sokoni?

— Hata kwenye ngazi, tangu turudi hospitali. Watoto wa chekechea anaowafundisha wanamuulizia kila siku. Anasema hatoki mpaka nywele zirudi.

Hakuna asiyejua kilichomkuta Wanqiu, binti yake Mwavuli. Aliamka siku moja akakuta fungu la nywele kwenye mto, na kisogoni kipara cha mviringo, laini kama yai lililomenywa. Kikaja cha pili, kikaja cha tatu. Wazee wetu wanakuita huko kunyolewa na shetani, kwa kuwa mtu hulala mzima akaamka kanyolewa, na wembe hauonekani wala mtu haonekani.

— Shetani tu huyo, alisema Debe huku akibangua mbegu za alizeti. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Sasa kama binti hakujinyoa, kanyolewa na nani?

— Debe, acha zako! alisema Bibi Kete. Tangawizi, Mwavuli. Unakata tangawizi mbichi, unasugua mpaka ngozi iwake.

— Tumesugua. Ngozi imewaka kweli. Nywele wapi!

— Na hospitali walisemaje? aliuliza Profesa.

Mwavuli alivuta pumzi. Alikuwa ameyasikia maneno ya daktari kwa masikio yake, na bado hayajamwingia akilini.

— Wanasema kila mwili una askari wake, kazi yao kupiga maradhi. Sasa hawa wa Wanqiu wameyaona mashina ya nywele wakadhani ni adui. Wanayapiga.

— Askari wake mwenyewe?

— Wake mwenyewe.

Debe aliacha kubangua.

— Makubwa haya! Yaani mwili unajinyoa?

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Bibi Kete kwa sauti ya chini.

— Si ndiyo hapo! Debe alidakia. Ki nguoni! Ni ile kofia ya sufu anayovaa!

— Kofia kaivaa baada ya kipara, we mzee!

— Damu nayo walipima, aliendelea Mwavuli. Vitamini ya jua. Wanataka ifike thelathini. Yake ni tisa.

— Tisa! Profesa alijipiga paja. Penyewe ndipo hapo. Sikilizeni, nimesoma. Ngozi ikipigwa na jua inaipika hiyo vitamini yenyewe, bila sufuria wala moto. Halafu kila shina la nywele lina tundu kama la kitasa, na ufunguo wake ndiyo hiyo vitamini.

— Subiri, alisema Bibi Kete. Jua lile pale, mbali vile, lina tundu la ufunguo humu kichwani mwangu?

— Maelfu kwa maelfu.

Bibi Kete alijishika nywele zake za mvi, taratibu. Wote wanne wakainua nyuso, macho wameyafumba, na Mwavuli akahisi joto likimshuka utosini hadi mabegani kana kwamba linapokelewa na mtu ndani. Alishangaa kwamba ameishi miaka yote hiyo na jambo hilo likitendeka ndani yake bila ya yeye kujua.

— Ndiyo maana watawa wananyoa, alinong'ona Debe. Jua liingie moja kwa moja.

— Wakinyoa tundu si linabaki wazi? alisema Profesa. Tena nawaambia, hata askari wenyewe wanaila hiyo vitamini. Askari mwenye njaa hupora. Dalili ya mvua ni mawingu.

— Mawingu yameingiaje?

— Si ndiyo yanayoficha jua?

— Basi na mimi nimejua! alisema Debe. Mbwa wetu hawalibwekei jua kwa ushamba. Wanaita vitamini! Umeshaona mbwa wa Chengdu ana kipara?

— Wa kwako, alisema Bibi Kete.

Walicheka, hata Mwavuli kidogo. Kisha Profesa, ambaye ulimi wake haujawahi kuwa na breki kama lile basi lake, akasema:

— Lakini nani alimnyima jua yule mtoto? Tangu anaanza kutembea yuko chini ya mwavuli tu.

Kicheko kilikatika. Mwavuli alikiona kibao cha duka lake alichokiandika kwa mkono wake: Ngozi nyeupe hufunika kasoro tatu. Kila kiangazi alimchagulia binti yake mwavuli ulio mzito kuliko yote, na kila mtu akamsifu msichana kwa weupe wake.

— Mimi, alisema. Mimi ndiye niliyemfunika mwanangu.

— Koma! Bibi Kete aligonga kifuniko cha bakuli. Mtaa mzima tunatembea na miavuli yako, mbona nywele zetu zipo? Daktari kasema ndiyo sababu?

— Hakusema. Alisema wengi wenye ugonjwa huu hukutwa vitamini iko chini, lakini hajui kama upungufu ndio ulioleta ugonjwa au umefuatana nao tu. Kampa vidonge, kamchoma sindano za kichwani, kasema tungoje.

— Basi akae hata dirishani, alisema Debe.

— Kioo kinazuia, alisema Profesa, sasa kwa aibu. Itabidi ashuke.

Mwavuli aliinuka. Aliogopa kukataliwa mbele ya watu, lakini aliita.

— Wanqiu! Mwanangu, jua limetoka!

Pazia halikutikisika.

— Mwambie atakayecheka namng'oa meno! alipaza sauti Bibi Kete. Naanza na Debe!

— Yamebaki mawili, alisema Debe.

Muda ulipita. Kisha mlango wa chini ulifunguliwa, Wanqiu akatoka, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Wazee wote walikimbilia kutazama ndani ya mabakuli yao.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

Alisimama hapo akipumua kama aliyepanda mlima. Halafu akaivua kofia. Jua likamwangukia kichwani, penye nywele na pasipo na nywele.

— Naomba nikuguse, mama, alisema Bibi Kete.

Wanqiu aliinamisha kichwa. Bibi Kete alifumba macho, akapitisha gumba lake vile anavyosoma kete.

— Patupu. Hapa napo patupu.

Gumba lilifika kisogoni, likapita, likasimama, likarudi.

— Hapa kuna kitu.

Waliinama wote. Ndani ya kile kipara cha kwanza vilikuwa vimechomoza vinyweleo vyembamba kama manyoya ya kifaranga, vyeupe pe, na jua lilikuwa limevishika kimoja kimoja.

— Nyeupe! alinong'ona Debe. Kazeeka?

— Hapana, alisema Wanqiu. Daktari alisema zikirudi mara nyingi huanza nyeupe. Askari huwinda zaidi zile nyeusi. Kweli zipo? Sijajitazama, vioo vyote nimevifunika.

— Zipo, alisema Mwavuli. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Zipo, mwanangu, naziona.

— Zimepita katikati ya askari, alisema Profesa, na simu ilikuwa mfukoni.

Wanqiu alipeleka mkono nyuma polepole, akazigusa kwa ncha ya kidole kama anayeogopa kuziamsha. Akawageukia.

— Zitabaki?

Profesa alishika mfuko wenye simu, akauachia. Debe alitazama tumbo lake.

— Sijui, mwanangu, alisema Mwavuli.

Kijiwe kile hakijawahi kulisikia neno hilo. Wanqiu alimtazama baba yake, kisha akaburuta kiti kilichokuwa wazi, akakiweka penye jua, akaketi.

— Basi niagizieni chai, alisema. Nitangoja hapa nje.