Mwenye Mimba Asivute

Ndugu Katibu Kata, ndugu Mwenyekiti wa Tawi, mganga wetu wa zahanati, mabalozi wa nyumba kumi kumi, akina mama mliowahi viti vya kivulini, na ninyi wazee wangu, shikamooni.

Mimi ni Masalu, fundi rangi wa hapa Mkolani. Nimeombwa nimuage muuguzi wetu Odeta, anayestaafu na kurudi kwao Bukoba, nami nimekubali upesi kwa sababu nina dhambi ya kuungama mbele yake.

Mnakikumbuka kibao cha mwaka sitini na nane? Odeta aliniagiza niandike kwamba mjamzito asivute tumbaku, maana sumu yake hupitia kwenye kitovu ikamfikia mtoto, ikauvuruga ubongo ungali unajengwa. Rangi ilikuwa adimu, nikaona nifupishe. Nikaandika: MWENYE MIMBA ASIVUTE.

Sasa ndugu zangu, hapa kwetu mwenye mimba ni nani? Baba akigonga mlango wako kwa hasira akiuliza mwenye mimba ni nani, je, anamtafuta binti yake? Anatafuta mwanamume. Basi akina baba tulikisoma kibao, tukazima sigara kwa utii mkubwa. Ndugu Venant, yule anayejificha nyuma ya balozi wake, alivuta kipande kimoja tu mkutanoni. Kesho yake wakwe wakafika kutoka Misungwi kumwuliza kwa nini anaikana mimba ya binti yao.

Na wake zetu je? Walirithi tumbaku yote. Mke wangu Kashindye alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Nilimkabidhi kiko changu kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwambia, "Nitunzie mpaka tujifungue." Akakitunza kwa kukivuta kila jioni.

Miezi miwili baadaye Odeta alimkuta kwenye foleni ya kliniki akifuka moshi. Alinijia nyumbani kwa miguu, wala hakupaza sauti. Alisema, "Masalu, ubongo wa mtoto haupakwi rangi mara ya pili." Kashindye aliacha siku ile ile. Alininunia miezi minne, lakini aliacha.

Mimi niliingiwa na hofu ambayo haikutoka. Miaka yote hii, binti yetu Teodora akisahau ndoo kisimani, nasema moyoni, ni ule moshi wangu. Odeta aliniambia mara ngapi kwamba mtoto hana neno? Sikumwamini.

Juzi nikamsimulia Teodora habari za kibao, na jinsi nilivyotaka kubana rangi. Akahesabu kwa vidole. "Baba, mjamzito ina herufi nane. Mwenye mimba zipo kumi na moja."

Dada Odeta, hapo niliamini. Ubongo wa mtoto ni mzima. Wenye mashaka ni wa fundi. Nikaenda kwa mama yangu mzazi, nikamwuliza kwa adabu kama alikuwa akivuta wakati wa mimba yangu. Akatoa kiko mdomoni, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Masalu, kwani hujioni?"

Dada, asante kwa binti yangu. Kibao kipya hiki hapa, na aliyekiandika ni yeye. Nanyi nyote asanteni kwa kunipa masikio yenu. Na wenye mimba wote mliopo, wa aina zote mbili, zimeni sigara.